Utepe Umebaki Kidole

Kijana wa Ruwi anayetengeneza simu
amevaa spika masikioni, anausikiliza utepe wa bibi yangu,
na amekunja uso.
"Kelele nyingi," anasema. "Nitausafisha."
Namwambia, ngoja kwanza.
Ngoja nikueleze kile chumba.

Matrahi, nyuma ya duka la mchele,
miaka ile redio zilifichwa ndani ya mapipa ya tende
na aliyetembea usiku bila fanusi alilala korokoroni.
Dadkarimu Mbulushi karudi kutoka Kuweiti
na mashine ya kunasa sauti, nzito kama mtoto wa ngamia,
kaiunga kwa betri ya lori,
kaangika magodoro ukutani,
hata lile la mzazi aliyejifungua juzi,
ili sauti isitoke nje ikashitakiwa.

Akaingia Jauhari wa Feruzi, mpagazi wa forodhani,
na udi wa kuazima.

Nyimbo tatu za mwanzo hizo umezisikia.
Kiarabu cha kitabuni, kila herufi imepigwa pasi.
Anaimba kama mtu aliyevaa kanzu ya shemeji yake,
anachelea kuitia doa.
Dadkarimu mwenyewe anapiga miayo; sikiliza, dakika ya saba.

Halafu: "Utepe umebaki kidole."
Kimya.
Halafu ndara zinavuliwa, moja, na ya pili.
Halafu hizo kwato.

Wewe waziita kelele. Ule ni mkanda wa kwato za mbuzi,
mia na kitu, unaofungwa kiunoni katika nyumba ya tambura
wanapoitwa wenyewe wampande mgonjwa.
Na mguno unaofuata, usio neno, unaoanzia kisiginoni,
walioujua mji mzima ni wanawake watatu,
mkubwa wao bibi yangu Zafarana.
Ulikuwa mguno wa dawa. Haukuvuka kizingiti cha ua ule.

Jauhari akauvusha.
Akauchukua mzima, na moshi wake wa ubani,
akamwimbia mwanamke:

     Sikuiti uje kwangu, miguu itaumia,
     Nimekitandika changu kifua, wewe pitia,
     Aliyenipanda, Mungu! jina lake ni Asia,
     Ubani ni jasho langu, ngoma, moyo unalia.

Kwenye Asia sauti inapasuka.
Inapasuka na hairudi kuungana,
naye anaendelea kuimba ndani ya ufa.
Hapo ndipo unaposikia mzinga wa Mirani, mbali,
na wewe umeuwekea alama nyekundu.
Si kasoro, mwanangu. Ni saa tatu ya usiku.
Malango yamefungwa, na waliomo chumbani
hawawezi tena kurudi makwao.

Bibi alimfukuza.
"Umewauza wenyewe," alimwambia,
"tena kwa mtu mmoja, tena mke wa mtu."
Hakumtaja miaka kumi na tatu.
Nakala zilipoenea, madereva wa malori, Nizwa hadi Sohari,
wakajifunza kupasua sauti makusudi,
harusini, kwenye vituo vya petroli,
wengine vibaya mno, kama jogoo aliyekabwa.
Nani aliwaambia kwamba hivyo ndivyo mtu huimba?
Hakuna aliyewaambia.

Siku moja bibi akanituma dukani kwa Dadkarimu.
"Nunua moja. Usiseme ni ya nani."
Alisikiliza amejifunika shuka gubigubi,
mimi nikijifanya nachambua dengu.
Shuka halikutikisika.
Lakini lilikuwa fupi,
nami nilikiona kisigino chake.

Haya. Sasa niambie ulitaka kufuta nini.

Kijana hajibu. Anarudisha nyuma,
anasikiliza, kidole juu ya kitufe.
Nje, kiyoyozi cha jirani kinadondosha maji kwenye bati.
"Hapa," anasema, "baada ya mzinga.
Kuna mtu anapumua, na si yeye.
Ni mwanamke."

Rudisha, namwambia.
Rudisha tena.